Madagaska Ilipopakana Nasi

Mwaka 1924 mwanajiolojia Sidney Haughton alimpa jina mtambaazi aliyepatikana kwenye miamba ya Tanga: Tangasaurus, mwenye mkia mrefu wa kuogelea. Ng'ambo, kusini-magharibi mwa Madagaska, kuna mawe yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 250, na ndani yake yumo jamaa yake wa karibu, Hovasaurus, anayekutwa mara nyingi na kokoto tumboni, alizomeza zimsaidie kuzama. Leo jamaa hao wametengwa na bahari. Bahari hiyo iliingiaje, na lini? Maswali ya namna hii ndiyo yaliyonifanya niihusudu kazi ya wale wanaochora upya ramani za dunia ya kale.

Ninaihusudu kwa sababu haimwamini shahidi mmoja. Wanyama kufanana tu hakutoshi: mababu wa lemuri walifika Madagaska ikiwa kisiwa tayari, yamkini wakielea juu ya magogo yaliyosombwa na mito. Basi mchoraji hugeukia mawe yenyewe. Hukata kipande, akakisaga mpaka kibaki na unene wa milimita 0.03 hivi, mwanga upenye, kisha akainamia hadubini. Akiona matumbawe, anajua palikuwa na bahari ya joto, yenye kina kifupi. Akikuta tope laini lililogeuka mwamba, lenye visukuku vya amonaiti, wanyama wa baharini wa kale, kama lile la Mombasa, anajua maji yalikuwa yametulia. Na huko Mandawa, mkoani Lindi, visima vya kutafuta mafuta vilipita kwenye matabaka mazito ya chumvi. Chumvi nyingi kiasi hicho hailetwi na mafuriko ya siku moja. Inataka ghuba iliyobanwa, bahari ikiingia kidogo kidogo na jua likiikausha, tena na tena, muda mrefu mno. Hapo mimi husisimka kweli: kabla hatujawa na pwani tulikuwa na ufa, na bahari ilikuwa ikijaribu kuingia.

Hata hivyo ubishi kuhusu mahali Madagaska iliposhikamana na Afrika haukwisha. Alexander du Toit wa Afrika Kusini, katika kitabu chake cha mwaka 1937, aliibandika Madagaska kwenye ubavu wa Kenya na Tanzania. Wengine waliiweka Msumbiji, na wengine wakashikilia kwamba haijawahi kusogea hata kidogo. Jibu lilitoka kwenye sakafu ya bahari. Lava inapopoa, chembe zake za chuma hufuata usumaku wa dunia wa wakati ule, na usumaku huo umegeuka mara nyingi, kaskazini ikawa kusini. Sakafu mpya inapozaliwa, hubaki na milia ya usumaku kama mkeka wa rangi mbili. Meli zilizokokota vipima-usumaku mbele ya pwani za Kenya na Somalia zilikuta milia hiyo imelala mashariki kwa magharibi. Mwaka 1983 Rabinowitz, Coffin na Falvey walionyesha maana yake: Madagaska iliondoka kwetu ikielekea kusini. Ilianza safari hiyo katika zama za Jurasi, ikatulia miaka milioni 120 hivi iliyopita.

Du Toit alikuwa amepatia, bila meli wala kipimo cha aina hiyo, kwa kulinganisha mawe tu.

Usumaku nao una mipaka yake. Kwenye jiwe la kale huonyesha umbali kutoka ikweta, lakini hausemi lolote kuhusu mashariki au magharibi. Nayo milia hupotea pamoja na sakafu yake, kwa hiyo bahari iliyokwisha kumezwa na ardhi huchorwa kwa mistari ya nukta, na ninamheshimu zaidi mchoraji asiyeona haya kuiacha hivyo. Tazama kilima cha Tendaguru, Lindi, miaka milioni 150 iliyopita. Matabaka yenye mifupa ya dinosaria mrefu Giraffatitan yamepishana na matabaka yaliyojaa kombe za baharini. Mstari wa pwani ulipita juu ya kilima hicho, ukarudi, ukapita tena. Ramani moja haiwezi kuubeba, na wanaokijua kilima hicho vizuri huchora kadhaa.