Jasho Lisilo na Pa Kwenda

Mwanaanga anayetoka nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga huvaa kwanza vazi la kubana lililopitishwa mirija myembamba, ambayo ukiinyoosha yote hufika karibu mita 90. Maji ya baridi huzunguka humo yakiondoa joto mwilini. Lakini mirija hiyo haifiki kwenye viganja. Mikono, yenye vitundu vya jasho vingi kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili na ndiyo inayofanya kazi nzito kuliko zote huko nje, imeachwa ijitegemee.

Kazi yenyewe ni ya kuumiza. Vazi la nje, linalovaliwa juu ya hilo la mirija, limejazwa oksijeni kwa mgandamizo wa karibu theluthi moja ya ule wa hewa ya huku chini, na nje yake hakuna kitu. Glavu hutuna ikakakamaa. Kila vidole vinapokunjwa kushika chombo, hupambana nayo, na matembezi ya anga huweza kuchukua saa sita au zaidi. Alexei Leonov, mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo mwaka 1965, vazi lake lilivimba hata vidole vikachomoka kwenye ncha za glavu. Ukiibana glavu, shida huhamia kwenye kucha. Dave Scott wa Apollo 15, mwaka 1971, alitaka ncha za vidole vyake ziguse kabisa mwisho wa glavu ili ashike vizuri. Alimaliza kazi mwezini kucha zikiwa zimevilia damu.

Sasa ongeza jasho juu ya hayo. Ngozi iliyolowa hulainika na kuchubuka upesi, na ukucha uliolowa huanza kubanduka. Madaktari waliofuatilia mazoezi ya wanaanga kwenye bwawa kubwa la Houston walikuta karibu nusu ya malalamiko yote yakihusu mikono, na unyevu ukawa miongoni mwa washukiwa wa kwanza.

Tabaka la ndani la glavu ni mfuko wa plastiki laini usiopitisha hewa. Lazima uwe hivyo, la sivyo mtu atakufa. Na kisichopitisha hewa hakipitishi jasho. Kati ya mfuko huo na ngozi ndipo inapovaliwa glavu nyembamba ya kufumwa, ambayo watu hawaipigi picha na wala haina bendera. Mimi naona ustadi wote mgumu umelala hapo.

Pamba haifai sana. Uzi wake hunywa maji, huvimba, kisha huyang'ang'ania. Poliesta hainywi: katika hewa ya kawaida hubeba unyevu usiofika asilimia 1 ya uzito wake, pamba hubeba kama 8. Kwa hiyo maji hayaingii ndani ya uzi, bali hukimbia katikati ya nyuzi, kwenye vinjia vyembamba, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Vinjia vikiwa vyembamba zaidi, mvuto huwa mkali zaidi. Ndiyo maana viwanda havitengenezi nyuzi hizo za mviringo tu. Vingine huzichonga mifereji ubavuni ili maji yapate pa kupita.

Mkimbiaji mwenye shati la nyuzi kama hizo huyakabidhi maji hayo kwa upepo, nalo likakauka. Ndani ya glavu upepo haupo. Kitambaa hakiwezi kulimaliza jasho. Kinaweza tu kuligawa, kulitoa kwenye ncha ya kidole linakodhuru na kulisambaza mgongoni mwa kiganja na kuelekea kifundo cha mkono. Navutiwa na fundi anayejua tangu mwanzo kwamba hatashinda, na bado akahesabu mishono. Maana kitambaa kikizidi unene kidogo tu, kidole hakihisi tena kichwa cha skrubu. Kikipungua, hakina nafasi ya kubeba maji. Na mshono ukikaa ncha ya kidole, mahali glavu inapokandamiza, utakuwa kisu kabla kazi haijafika nusu.

Pamoja na uangalifu wote huo, glavu hii ni ya hiari. Glavu za nje zinaweza kushonwa kwa kipimo cha mkono wa mwanaanga mmoja, lakini kuhusu hii ya ndani kila mmoja huamua mwenyewe. Wapo wanaoivaa, wapo wanaozungushia vidole plasta laini, na wapo wanaoingiza mkono mtupu, wakichagua kulowa ili wasipoteze hata chembe ya hisia vidoleni.