Wimbo Mzuri wa Mduarani: Namna ya Kuutambua

Tangu elimu bila malipo ilipoanza katika shule za umma za Tanzania mwaka 2016, madarasa ya awali yamefurika. Kiwango kilichopangwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini katika shule nyingi idadi hiyo hupitwa mbali. Kwa mwalimu wa Chanika, Handeni, au wa jirani zetu wa Korogwe, wimbo wa kucheza ni nyenzo isiyogharimu hata shilingi. Ndiyo maana inafaa tuuchague kwa makini. Kipimo changu kikuu ni hiki: mtazame mtoto mkimya kuliko wote mduarani. Akiwa na la kufanya tangu mwanzo hadi mwisho, wimbo huo ni mzuri.

Kiitikio

Nyimbo zetu za watoto huenda kwa kuita na kuitikia. Mwimbishaji anaweza kuwa na maneno mengi apendavyo, ila kiitikio kiwe kifupi, neno moja hadi matatu, watoto wakidake kwa kusikia mara mbili tu. Wapo watoto wanaofika darasa la awali wakiwa wamezoea Kizigua au Kisambaa nyumbani. Kiitikio kifupi humpa mtoto wa namna hiyo neno la Kiswahili la kusema kwa sauti kubwa siku ya kwanza, katikati ya wenzake, bila kuogopa kuchekwa.

Mapigo

Hapa ndipo nyimbo nyingi zinapoharibika. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo la kofi linapaswa kutua papo hapo. Mwimbishaji akiita "Mahindi yameiva!" na watoto wakajibu "Tuvune!", makofi yataangukia *hi*, *i* na *vu*, yakiachana kwa nafasi sawa. Mwili wa mtoto unalijua jambo hilo kabla hajafundishwa. Sasa chukua maneno yaliyobandikwa juu ya tuni ya kigeni, kofi likaangukia *ma* na *ya*: watoto watababaika, wengine watapiga kabla, wengine baada, na mwalimu atadhani wao ndio wazito. Kabla ya kuufundisha wimbo, usome kwa sauti ukipiga makofi. Pigo likikataa neno, badilisha neno.

Angalia na kimo cha sauti. Mwanzo wa chini sana huwafanya watoto wanung'unike, na wa juu sana huwafanya wapige kelele. Anzia pale sauti yao inapotokea wanapoitana uwanjani.

Kazi ya kila mmoja

Katika Ukuti Ukuti watoto hushikana mikono na kuzunguka. Anayelegea huvutwa na wenzake wawili, kwa hiyo hakuna mtazamaji. Mchezo uliojengwa hivyo hauna haja ya kumkemea mtu.

Nyama Nyama una ufundi wa aina nyingine. Kiongozi hutaja wanyama, watoto huitikia na kuruka kwa kile kinacholiwa, kisha ghafla kiongozi hutaja kisicholiwa, na anayeruka hapo amekosea. Ubora wake wote uko kwenye orodha ya kiongozi. Kiongozi aliyekomaa hutaja mbuzi, kuku, ng'ombe, mpaka miguu izoee kuruka, ndipo aseme kiti. Katika mji wenye Waislamu na Wakristo, nguruwe humwacha nje: mtego uwe wa masikio, usiwe wa imani ya nyumbani kwa mtu.

Tazama pia aliyekosea anapelekwa wapi. Mchezo unaomtoa nje humkalisha mwenye kuhitaji mazoezi kuliko wote, na kila duru hupunguza wachezaji. Bora ni ule unaomwingiza katikati awe kiongozi wa duru inayofuata. Na wimbo unaocheka kilema, weusi wa mtu au umaskini wa kwao hauna nafasi, hata tuni yake iwe tamu namna gani.

Nafasi ya kubadilisha

Wimbo wenye afya una mahali pa kutia jina la mtoto, tunda la msimu au kazi ya mtaani. Ukuti ni jani la mnazi, mti wa pwani. Watoto wa bara huuimba kwa raha, lakini wape pia wimbo wenye mahindi na maembe wanayoyaona. Waulize mabibi wa Kizigua walicheza nini utotoni. Yako mengi huko ambayo hayajaingia darasani.

Ukishapima hayo yote, fundisha wimbo, kisha nyamaza. Wakati wa mapumziko simama mbali utazame. Wimbo ambao watoto wanauanzisha wenyewe, wakagombea nafasi ya mwimbishaji na kuongeza ubeti ambao hukuwafundisha, uweke kwenye hazina yako ya mwaka mzima. Ule unaokufa ukiondoka wewe, uache, utafute mwingine.