Umbo: Chombo au Kitendo?

Neno la Kicheki tvar lina maana ya umbo la kitu na, katika sarufi, umbo la neno. Lina nasaba moja na tvořit, yaani kuumba, na tvor, kiumbe. Kiswahili nacho kina mpangilio uo huo: umbo, kuumba, kiumbe, maumbile. Hata hivyo, uhakiki wetu umezoea mfano wa kikombe na chai, fani ikiwa chombo na maudhui kinywaji. Seremala wa hapa Riruta Satellite hachongi kiti kwanza kisha akakitia kukalika. Vyote viwili huzaliwa pamoja.

Kichomi (1974) cha Kezilahabi kilipoachana na vina na mizani, ambavyo Amri Abedi aliviwekea sheria mwaka 1954, wapo waliokana kwamba huo ni ushairi. Kilichoachwa, kwa maoni yetu, ni kanuni, wala si umbo. Mistari isiyolingana nayo imeumbwa.

Basi mwanafunzi asiulizwe tu shairi lina umbo gani, bali limeumbwaje, na kwa nini hivyo. Swali la kwanza hujibiwa kwa kuhesabu mizani. La pili hudai kusoma.