Kikwembe kimoja, majani ya Mushaki na mawe ya Goma

Ukipanda barabara kutoka Sake kuelekea Masisi, mashariki mwa Kongo, ukifika Mushaki kijani kimekuzunguka: malisho ya ng'ombe, migomba, tena malisho. Mama akipita pale juu amejifunga kikwembe cha nili na chungwa, utakiona kikwembe kabla hujaujua uso wake. Watu husema chungwa linapiga kelele. Mimi naona kelele hiyo iliandaliwa mapema, na rangi iliyotangulia.

Nachukua mfano wa mchoro ambao Ghana huuita Nsu Bura, yaani kisima cha maji. Hauna ua wala ndege. Ni vitone tu, vimepangwa duara ndani ya duara mpaka kitambaa kizima kinaonekana kutikisika kama maji yaliyotupiwa jiwe. Umechapwa na Vlisco, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1846 mjini Helmond, Uholanzi, na kuigwa na wengine wengi.

Kazi huanza na resini ya moto, wala si rangi. Huchapwa pande zote mbili za pamba, mistari ya mbele ikilingana na ya nyuma. Kisha kitambaa huzamishwa kwenye nili. Kikitoka bado ni cha kijani-manjano. Hewa ndiyo inayokigeuza kuwa buluu. Palipo na resini, nili haiingii. Resini ikivunjika, rangi hupenya kwenye nyufa na kuacha mishipa myembamba isiyojirudia. Sehemu ya resini huoshwa, nyingine huachwa ing'ang'anie kwa chembechembe, ndipo rangi ya pili inapopita na kuacha vijipovu vyeupe. Chungwa, njano au nyekundu huja mwishoni.

Utaratibu huo unaamua mengi. Nili ikishakaa haifutiki, kwa hiyo kila rangi inayofuata hulazimika kuishi nayo. Njano ikiangukia buluu hafifu huzaa kijani bila mtu kuchanganya kijani. Nyekundu ikipanda juu ya nili hugeuka kahawia nzito, karibu na weusi. Fundi mwenye akili huzihesabu rangi hizo za bure tangu anapopanga mchoro. Asiye na akili hushangaa kitambaa kimekuwa kichafu.

Halafu kuna ujirani wa rangi. Mkemia Michel-Eugène Chevreul alikabidhiwa idara ya rangi ya karakana ya ufumaji ya Gobelins, Paris, mwaka 1824. Wafumaji walilalamika kwamba nyuzi zao nyeusi zilikuwa hafifu zikikaa karibu na buluu au zambarau. Alipozichunguza, hazikuwa na kasoro. Jirani ndiye aliyezipunguzia nguvu. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka 1839, na kinaeleza kikwembe chetu vizuri kuliko maelezo mengi ya mitindo: buluu husukuma jirani yake kuelekea chungwa, na chungwa huisukuma buluu iwe buluu zaidi. Katika Nsu Bura mpaka kati yao ni vitone vingi mno, hivyo jicho halipati pa kutulia. Mtikisiko tunaouona unatoka hapo.

Ujirani hauishii kwenye pindo. Kijani husukuma kuelekea nyekundu, ndiyo maana juu ya majani ya Mushaki chungwa hilo hilo huonekana limeiva. Vita vya Februari 2023 viliwashusha watu wengi wa Mushaki hadi Sake na Goma, na nguo zao zikashuka nao. Goma ardhi ni mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo. Kikwembe kikianikwa juu ya mawe hayo, njano hung'aa kuliko zote, chungwa hupauka kidogo, na nili, iliyokuwa msingi wa kila kitu, karibu inazama. Kitambaa hakijachujuka hata kidogo.

Chapa ya upande mmoja haina mambo haya. Rangi zake zimekaa kila moja mahali pake, nyufa zake zimechorwa na hujirudia kila baada ya hatua chache. Ni safi, na kwa macho yangu imekufa. Kwa hiyo, mama, kabla ya kuuliza bei, kigeuze. Kama nyuma kumepauka, hakijapita kwenye resini. Kisha kitoe nje ya kibanda, kitazame kwenye mwanga na ardhi utakayokivalia.