Lugha ya Kiongozi na Uchumi wa Dola: Mtazamo kutoka Kindu

Uhakiki wetu hushughulika zaidi na ushairi na riwaya, ukawaachia wanasiasa maandishi ya watawala. Hata hivyo, azimio na hotuba nazo ni matini, na aghalabu hugusa maisha ya watu wengi kuliko riwaya.

Tuzitazame matini mbili. Ya kwanza ni Azimio la Arusha la 1967. Ya pili ni hotuba ya Mobutu ya tarehe 30 Novemba 1973, iliyotangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitiwe mikononi mwa Wazaire. Zote mbili ziliipa dola uwezo wa kuupanga upya uchumi. Zinapoachana ni katika nafasi ya kiongozi. Azimio linamfunga: asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Uzairishaji haukumfunga, na wakubwa wa chama na serikali wakawa mstari wa mbele kugawiwa mali. Bidhaa ziliadimika madukani, na kufikia 1976 serikali ilikuwa ikiwarudishia wenyewe wa zamani sehemu kubwa ya mali hizo.

Kindu ni kipimo kizuri. Kiswahili kiliingia Maniema kwa biashara ya karne ya 19, kikawa lugha ya soko na ya gati la Lualaba. Lakini wito wa kulijenga taifa uliwafikia wakazi kwa neno la Kilingala, salongo, yaani kazi ya pamoja isiyo na ujira. Neno lililokusudiwa kuamsha moyo wa kujitolea likasikika kama amri. Reli inayokomea mjini humo nayo iliingizwa katika shirika la dola mwaka 1974, ikazorota mikononi mwake.

Tusihitimishe, basi, kwamba Kiswahili fasaha chatosha. Tanzania yenyewe iliwahamisha wanavijiji kwa nguvu katika miaka ya 1970 chini ya jina tamu la ujamaa, na Azimio la Zanzibar la 1991 likayalegeza masharti ya uongozi.

Hoja yetu ni kwamba mhakiki aulize kila kitenzi kinamwamrisha nani. Matini ya maendeleo inayomwagiza mkulima peke yake ina kasoro, hata ikiwa na lugha ya kupendeza. Thamani yake imo katika sentensi inayomfunga msemaji mwenyewe, na katika muda ambao sentensi hiyo inaheshimiwa.