Kisanduku Kikijaa: Uhakiki wa Istilahi za Umeme wa Nyumbani

Lugha ya umeme iliingia majumbani mwetu pamoja na fundi, wala si pamoja na mwalimu. Ndiyo maana majina yake mengi yalisikika kabla ya kuandikwa: fyuzi, soketi, swichi, holda, breka, meni swichi. Hatuna ugomvi na majina hayo. Neno la mkopo lililokwisha kuota mizizi ni mali yetu kama yalivyo meza na shule. Ugomvi wetu ni na mfasiri anayeyapokea majina hayo, au kuyakataa, bila kwanza kuuliza kila kifaa kina kazi gani. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki jambo moja tu, nalo ni namna tunavyoeleza kwa Kiswahili uongezaji wa saketi katika kisanduku cha umeme kilichojaa.

Tuchukue mfano wa Namtumbo, wilaya iliyomegwa kutoka Songea mwaka 2002. Kwa miaka mingi umeme wa Songea ulitegemea zaidi mitambo ya dizeli. Mwaka 2018 laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako ikafika, na gridi ya taifa ikaingia katika pande hizo. Nyumba iliyoanza na taa nne na soketi mbili sasa ina friji, pasi na pampu ya maji. Mwaka 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na jiko la umeme nalo linabisha hodi. Kisanduku kilichofungwa siku ya kwanza kikiwa na nafasi nne hakina tena pa kuchomeka breka. Mwenye nyumba huuliza afanyeje, naye hujibiwa kwa Kiswahili. Jibu likiwa na utata, utata huo haubaki kwenye karatasi, bali huingia ukutani pamoja na waya.

Tuitazame sentensi ya aina hii, ambayo mfasiri yeyote mwenye haraka angeweza kuiandika: "Njia zikijaa, zima meni, kisha ongeza njia nyingine." Sarufi yake haina dosari. Hata hivyo, kila neno lenye uzito ndani yake lina maana mbili.

Neno la kwanza ni njia. Mafundi husema kisanduku cha "wei nne" wakiwa na maana ya nafasi nne za kuwekea breka. Mfasiri huandika "njia nne". Ukurasa unaofuata huandika tena "njia" akikusudia saketi yenyewe, yaani mzunguko wa waya unaotoka kisandukuni kwenda kwenye taa au soketi na kurudi. Kumbe nafasi ni tundu tupu, na saketi ni waya wenye mkondo. Mtu aliyeambiwa "ongeza njia" anaweza kukaza nyaya mbili chini ya skrubu moja ya breka iliyopo, akadhani ametii. Kwa kweli hajaongeza kitu. Ameibebesha breka moja mzigo wa saketi mbili, na skrubu iliyotengenezwa kwa waya mmoja huweza kulegea, ikapata joto na kuunguza. Sisi tunashauri nafasi na saketi yatenganishwe daima, na neno njia liachwe.

Neno la pili ni kujaa, nalo ndilo kiini cha makala haya. Kisanduku hujaa kwa namna mbili. Kwanza hujaa nafasi: matundu yamekwisha, ingawa umeme unaovutwa ni mdogo. Pili hujaa mzigo: matundu yapo, lakini waya mkuu na swichi kuu vimefikia kiwango chake. Dawa ya hali ya kwanza si dawa ya pili. Aliyekosa nafasi anaweza kufungiwa kisanduku kikubwa zaidi, au kisanduku tanzu kinacholishwa na breka yake na waya unaolingana nayo. Aliyejaza mzigo hasaidiwi na matundu hata akipewa ishirini. Huyo anapaswa kuomba huduma kubwa zaidi kwa TANESCO, na pengine fezi tatu. Hesabu yenyewe ni nyepesi: gawanya wati kwa volti 230, utapata ampea. Jiko la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9; hita ya kuogea ya wati 5,000 huvuta karibu 22. Mwandishi asiyesema kisanduku kimejaa nini hajasema kitu.

Neno la tatu ni meni. Meni swichi ni jina la kiungo kimoja, swichi kuu, lakini mitaani limekuwa jina la kisanduku kizima. Hili si kosa la kumlaumu msemaji. Hatari yake ni pale tunapoandika "zima meni" tukadhani tumekwisha kumlinda mtu. Swichi kuu ikizimwa, breka hukosa umeme, lakini nyaya zinazotoka kwenye mita hadi kwenye swichi hiyo hubaki na umeme uleule. Maelekezo ya Kiswahili hayana budi kulisema jambo hilo kwa sentensi kamili, na kuongeza kwamba kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA.

Je, kisanduku tukiite nini? Wapo watakaopendekeza "kisanduku cha mgawo", kwa kuwa hugawa umeme. Nchini mwetu mgawo wa umeme ni kukaa gizani kwa zamu. Jina hilo litachekesha kabla ya kufundisha. Kadhalika "kikata umeme", kwa maana ya breka, humkumbusha msomaji deni na ngazi iliyoegemezwa kwenye nguzo. Kisanduku cha saketi chatosha. Breka ibaki breka.

Lakini breka ibaki pamoja na fasili yake, na hapa ndipo lawama yetu ilipo kubwa. Orodha nyingi za istilahi hupanga maneno mawili mawili, la kigeni na la Kiswahili, kisha hunyamaza. Msomaji huachiwa kukisia kwamba breka hulinda friji. La, breka hulinda waya. Huachia yenyewe mkondo unapozidi kiwango ambacho waya wa saketi hiyo unaweza kuuchukua. Asiyelijua hilo huona breka ya ampea 10 ikiachia kila mara, akaiita dhaifu, akanunua ya 32 aliyoambiwa ni "kubwa" na "imara". Waya wa taa wa milimita za mraba 1.5 haukubadilika. Sasa utaungua kabla breka haijashtuka. Maneno dhaifu, kubwa na imara ni Kiswahili safi, na hapo yamedanganya.

Hatusemi kwamba lugha yetu haiwezi. LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, ni jina lililobeba fasili yake mgongoni, na kila mtu huelewa anachotakiwa kufanya. Tangu miaka ya 1970, BAKITA ilipotoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, kazi ya kukusanya maneno imefanywa kwa bidii. Kazi inayobaki ni kuyapa maneno hayo fasili zinazotaja kazi ya kifaa, kikomo chake na hatari yake.

Kwa wafasiri, walimu na watumishi wa umma tunatoa ombi moja. Kabla ya kupeleka maelekezo kiwandani au darasani, msomeeni fundi wa Namtumbo, kisha msimwulize kama ameelewa, kwani atasema ndiyo. Mwulizeni angefanya nini. Akitaja vitendo viwili tofauti kwa sentensi moja, rudini mezani.