Babu Yako Kwenye Faili ya Mwajiri

Ukitaka kujua mwandishi anaamini nini, angalia anachofanya karatasi inapogombana na nyanya. Nimesoma vitabu viwili vya Wamarekani waliotafuta ukoo wao Afrika, Roots cha Alex Haley (1976) na Dreams from My Father cha Barack Obama (1995), vyote kopi za mtumba za wauzaji wa kando ya barabara. Wengi wanapenda zaidi kile cha Haley. Mimi nabaki na cha Obama, na wacha niseme ni kwa nini.

Kunta Kinte tunamjua sana kupitia televisheni. Wasichokumbuka wengi ni zile kurasa za mwisho, ambapo Haley anaacha usimulizi na kuingia mwenyewe. Anatupeleka National Archives kule Washington, akizungusha filamu za sensa ya 1870 mpaka anawaona watu wa familia yake. Kwa Mmarekani mweusi, mwaka huo ni ukuta. Sensa za 1850 na 1860 ziliorodhesha watumwa chini ya jina la bwana wao: umri, jinsia, rangi, basi. Majina yao, karibu kote, hayakuandikwa.

Haley anauruka ukuta huo kwa kwenda Juffure, Gambia. Huko mzee anasimulia ukoo wa Kinte mpaka anamtaja kijana aliyeenda kukata gogo asirudi. Karatasi na mdomo vinakubaliana, msomaji analia.

Vinakubaliana mno, manze. Baadaye waandishi wa habari na wanahistoria, akiwemo Donald Wright mwaka 1981, walionyesha kwamba yule mzee hakuwa msimulizi wa jadi aliyefunzwa kazi hiyo, na kwamba habari za kile mgeni alichotafuta zilikuwa zimemtangulia. Sisemi Haley alikuwa mwongo. Nasema kitabu chake kilihitaji jibu kiasi kwamba hakikuacha nafasi ya swali. Baada ya karne mbili za kimya, kila kipande kinaingia mahali pake bila kusukumwa.

Obama naye anafika Alego, Siaya. Bibi yake anasimulia kurasa kwa kurasa: Onyango, babu mkali, mtu wa usafi, anayeogopwa na kijiji kizima. Kisha kinatokea kijitabu kidogo, rejista ya watumishi wa nyumbani ya wakati wa mkoloni. Pua imeelezwa. Mdomo umeelezwa. Meno yaliyong'oka yamehesabiwa. Halafu maoni ya waajiri: wengine wanamsifu, mmoja anaona hastahili shilingi 60 kwa mwezi. Yule simba wa kijiji, kwenye karatasi, ni boy.

Hapo ndipo Obama anamzidi Haley. Hasemi nani mkweli. Anaweka kijitabu kando ya sauti ya bibi na kutuachia vyote viwili mkononi. Shida ni kwamba hata yeye hawezi kustahimili hadi mwisho. Muda si muda yuko makaburini analia, duara linafungwa. Ningependa angekaa kidogo zaidi na yale meno.

Nasema hivi kwa sababu kwetu hili si jambo la fasihi tu. Familia yetu ina mzozo wa shamba: je, babu mkuu alikuwa wa mbari yenyewe, au alikuwa muhoi, mtu aliyekaribishwa kulima tu? Mjomba alinituma nikatafute karatasi, kwa kuwa niliacha chuo na eti nina wakati. Nikaenda Archives, lile jumba la Moi Avenue ambalo nusu ya Nairobi hukutana nje yake bila kuingia. Ukipita sanaa za Murumbi unafika palipo na mafaili.

Nilichosoma ni ripoti za wilaya: kodi, vibarua, mifugo. Serikali ile haikuwa inauliza wewe ni mtoto wa nani. Iliuliza unadaiwa ngapi na unaweza kufanya kazi wapi. Kodi ya nyumba ilihesabu vibanda, na mwenye wake wawili alilipia vibanda viwili. Kipande, kilichotokana na sheria ya 1915, kilimfuata mwanamume na alama za vidole vyake. Kwa hivyo mamake shosho yumo kwenye hesabu, lakini yumo kama nyumba.

Shosho mwenyewe anataja wanawake wanne kabla yake, kila mmoja na alikotoka. Siku nyingine anabadilisha wa tatu. Mjomba anasema huo si ushahidi. Lakini ripoti anayoitamani nayo iliandikwa na mtu aliyetaka kitu kutoka kwetu, na hakuna anayeihoji kwa sababu imepigwa chapa.

Kwa hivyo someni Roots, ila zile kurasa za mwisho zisomeni polepole, mkiuliza nani alimwuliza nani, na kwa nini. Someni pia kile kijitabu cha Onyango kwa swali hilohilo. Na kama shosho wako bado yuko, mrekodi kwenye simu zaidi ya mara moja. Akibadilisha jina, usifute lile la kwanza.